Mwiko

Nimeitwa kuziba matundu saba
kwa Mama Khainza, Namakwekwe, hapa Mbale,
nyumba ya tatu ukishapita mashine ya kusaga,
ukuta wa bluu iliyofifia kama sare ya shule
iliyorithiwa na mtoto wa nne.

Nimekuja na ndoo, nusu mfuko wa saruji,
mchanga wa Manafwa uliochekechwa mara mbili,
na mwiko wangu, mpini umefungwa mpira wa tairi.

Manne yako juu ya dirisha, yametawanyika,
kama aliyelenga alikuwa anacheka.
Mawili karibu na mlango.
La saba liko chini, kimo cha godoro.

Gari halikusimama, anasema.
Lilipunguza mwendo tu, kama wageni wanaotafuta nyumba,
kioo kikashuka, kisha kikapanda,
likashika njia ya Tororo, taa zimezimwa,
muziki wao ukisikika mpaka kwenye kona.

Na ugomvi haukuwa wake.
Ulikuwa wa mpangaji aliyehama Januari
na deni lake la magunia ya kahawa.
Risasi haibishi hodi, haiulizi nani kahama.

Kortini hakimu alisoma kitabu kilivyoandikwa:
hakuna aliyekufa, hakuna aliyetoka damu,
basi hili ni kosa la kuharibu mali.
Mali gani? Ukuta.
Ukuta ni kiasi gani?
Wakaniita mimi, fundi Wopuwa, nikaandika kwa kalamu ya bluu:
saruji, mchanga, rangi, siku mbili za kazi.
Wakalipa kabla ya chakula cha mchana.
Dereva alinipungia mkono nje, kama mteja aliyeridhika.

Nilikuwa nimeupangia bei usiku ule
na sikujua.

Sikuandika Nambuya, miaka sita,
anayelala koridoni sasa
na sufuria ya posho kichwani.
Kila jioni mama yake huisugua masizi
ili asiamke na paji jeusi.
Hiyo ningeiweka mstari gani?

Leo redio iko dirishani, nami nachanganya.
Inasema Kampala wanabishana:
kupiga risasi nyumba ya watu,
au kupiga ukiwa ndani ya gari,
liwe kosa linalosimama kwa miguu yake,
maiti awepo asiwepo.
Mmoja anataka miaka kumi na minne.
Mwingine anasema magereza yamefurika.
Wa tatu anauliza: na bodaboda je, ni gari?
Mama Khainza anacheka mpaka anashika ukuta,
kisha anauachia haraka.

Mimi miaka siijui. Najua plasta.
Saruji ikizidi, hupasuka jua la kwanza tu.
Ikipungua, unaigusa kwa kucha inamwagika.
Kitabu cha hakimu kilikuwa mchanga mtupu,
hilo nililiona kwa macho yangu.
Waongeze. Lakini wamwagilie pia,
waje waangalie kesho, na keshokutwa,
maana ukuta hauwi mgumu siku unapopakwa.

Lugha imenipa chombo chenye jina la maana mbili.
Huu mkononi unasawazisha.
Ule mwingine bibi yangu aliusema bila kuinua sauti:
nyumba yenye watu waliolala haichokozwi,
hata na adui, hata kwa jiwe.
Hakutaja adhabu.
Wakati wake haikuhitajika,
au ilihitajika na mimi sikuambiwa.

Matundu sita yamezibwa.
La saba ameniambia niliache.
Nambuya ameshalitia gunzi la hindi,
analichomoa asubuhi kuchungulia barabara,
analirudisha giza likiingia.

Nimeosha mwiko. Hela sikuchukua.
Nilipita kortini kuomba ile karatasi yangu.
Karani hakuinua kichwa:
imo kwenye faili, mzee.
Haitoki.